Duara, Msalaba na Karafuu Mbili

Bendera inayomtoa jasho fundi kuliko zote ni ya Tanzania. Zile za mistari iliyolala hazina taabu: unakata, unaunga, unapiga pasi, umemaliza. Lakini ule mkanda mweusi wenye kingo za manjano unakwenda mshazari, na kitambaa kikikatwa mshazari huvutika. Mkono ukikivuta kidogo tu chini ya sindano, mkanda unapinda, na bendera ikishapandishwa mlingotini upepo unaitoa aibu yako hadharani. Mimi hubana kwa pini karibu karibu, hupiga pasi kabla ya kushona, na huanza na manjano kabla sijaigusa nyeusi. Halafu kuna sharti la upande. Mshazari hupanda kutoka chini penye mlingoti kwenda juu kwenye ncha inayopepea. Kijani hukaa juu, upande wa mlingoti. Buluu hukaa chini, upande wa nje. Ukigeuza, umeshona bendera ya nchi isiyokuwepo.

Nashona bendera hapa Jang'ombe, Unguja, na nahodha akinihitaji nashuka Malindi na makopo yangu ya rangi kumwandikia jina la chombo. Siku moja kijana wa skuli aliniletea ndege ya mbao aliyoichonga kwa ajili ya maonyesho, akataka nimchoree bendera ya taifa kwenye mkia, pande zote mbili. Nilipomrejeshea akaikunjia uso.

"Babu, huku kulia umeigeuza."

"Sikuigeuza, mjukuu wangu. Ndege inakwenda wapi?"

"Mbele."

"Na bendera inapopepea, mlingoti uko upande gani? Upepo unakotoka, au unakokwenda?"

Akafikiri. "Unakotoka."

"Basi mlingoti uko kwenye pua. Upande huu pua iko kuliani kwako, na kijani kinahamia huko."

Akakubali shingo upande, akasema walimu watamkata maksi. Ndipo nikamwambia kwamba majeshi ya anga yalikwisha kuchoshwa na taabu hiyo zamani, na dawa waliyoipata ni duara. Duara halina kulia wala kushoto, halina mbele wala nyuma. Lipake juu ya bawa, lipake chini yake, lipake ubavuni, ndege ije au iende, jicho linaona kitu kilekile. Na kulichora hakuhitaji usomi: msumari katikati, uzi, chaki kwenye ncha ya uzi, zungusha.

Wafaransa ndio waliotangulia. Mwezi Julai 1912 jeshi lao liliamuru kila ndege ya kivita ipakwe miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine: buluu katikati, kisha nyeupe, na nyekundu nje. Hawakubuni kitu kipya. Tangu mapinduzi yao ya 1789 watu wa Paris walikuwa wakibandika kwenye kofia ua la utepe wa rangi hizo, ajulikane nani wa upande gani. Walichofanya ni kulichukua ua la kofia na kulitia kwenye bawa.

Waingereza walichelewa, na kuchelewa kwao kuliwagharimu roho za watu. Vita Kuu vilipoanza Agosti 1914 ndege zao hazikuwa na alama yoyote ya kueleweka, na askari wa miguu wa pande zote walikuwa wakikipiga risasi kila kinachopita juu. Wajerumani wakapaka msalaba mweusi. Waingereza wakapaka bendera yao, ile yenye misalaba iliyopandana, chini ya mabawa. Tarehe 26 Oktoba 1914 ndege ya Kiingereza yenye bendera hiyo iliangushwa na askari wa Kiingereza wenyewe, wakafa rubani Hosking na mwenzake Crean. Waliokuwa chini walidhani wameona msalaba wa Kijerumani. Fundi wa rangi hapati tabu kuelewa ilikuwaje. Ukiitazama bendera ile kutoka mbali, buluu inazama na nyeupe inachanganyika na mwanga wa mawingu, unabaki msalaba wa katikati peke yake. Desemba ya mwaka ule jeshi la anga la Kiingereza likachukua duara la Wafaransa na kuligeuza: nyekundu katikati, buluu nje. Ndege za jeshi la wanamaji zilitumia kwanza pete nyekundu yenye weupe ndani, hadi nazo zikaingizwa kwenye utaratibu huo mmoja mwaka 1915.

Vita hivyo havikuchelewa kutufikia. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia kwenye maji ya Unguja, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga mbele ya mji, mitambo yake inatengenezwa. Pegasus ilipigwa ikazama. Mabaharia zaidi ya thelathini walikufa, na makaburi ya wengi wao yako Chapwani, kile kisiwa unachokiona ukisimama Forodhani ukatazama kaskazini. Königsberg ikakimbilia delta ya Rufiji, ikajichimbia ndani ya mikoko, mahala ambapo manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata wala kuiona.

Ikabidi itafutwe kwa ndege. Novemba 1914 rubani wa kiraia aitwaye Cutler aliletwa kutoka Durban na ndege yake ya kutua majini, akaiona meli imejificha mtoni. Desemba injini ikamsaliti, akatua, akatekwa. Mwaka uliofuata akaja John Cull wa jeshi la wanamaji na ndege nyingine za majini, na baadaye ndege za magurudumu zilizopewa uwanja kisiwani Mafia. Joto la pwani liliziharibu vibaya: gundi iliachia, mbao zikajipinda, injini zikakosa nguvu ya kupanda. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni kuipiga Königsberg, na Cull na mwenzake Arnold walikuwa juu wakipeleka khabari kwa mitambo ya simu: risasi imepita, risasi imepungua, sogeza kulia. Ndege yao ikapigwa. Arnold aliendelea kupeleka masahihisho huku wanashuka, wakaangukia majini karibu na Mersey wakaokolewa. Königsberg haikutoka tena.

Kuna jambo katika kisa hicho ambalo nimelichukua kama kanuni ya kazi yangu. Alama ya Cull haikumzuia Mjerumani kumpiga. Mjerumani alimpiga kwa sababu alimjua ni nani. Adui havutwi wala hasukumwi na rangi zako. Atakupiga ukiwa na alama au huna. Alama inapakwa kwa ajili ya mwenzako aliye mbali, mwenye bunduki, asiyekuona uso. Hosking na Crean waliuawa na watu wa jeshi lao. Kwa hiyo fundi wa alama huanza na suali moja: nani ataitazama, na kutoka umbali gani? Uzuri unafuata baadaye.

Watu wa pwani hii walilijua suali hilo kabla ya ndege, kwa sababu bahari nayo ni mahala ambapo watu huonana kwa mbali. Mtepe, kile chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi na kubeba tanga la mkeka, kilichorwa macho ya duara kwenye gubeti. Mitepe imetoweka karibu karne moja sasa, lakini majahazi ya upande wa Lamu bado hutiwa duara la mbao mbele, mara nyingi lenye mwezi na nyota. Duara hilo lilikuwa na kazi ya peke yake: ni jicho la chombo, lipo litazame njia. Kazi ya kutazamwa iliachiwa bendera ya nyuma.

Na bendera ya nyuma, kwa vyombo vya Sultani wa Zanzibar, ilikuwa nyekundu tupu. Haina mwezi, haina panga, haina maandishi. Kwa mshonaji hakuna bendera rahisi kuliko hiyo, na kwa jicho la mbali hakuna iliyo wazi zaidi juu ya maji ya buluu. Ilipepea hapa mjini, ikapepea Mombasa juu ya Ngome ya Yesu hata baada ya Waingereza kuushika ukanda wote ule, kwa kuwa kwa mkataba pwani ya Kenya ilihesabiwa bado ni milki ya Sultani.

Rangi hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja: haikumzuia Mwingereza kupanda chomboni. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa Unguja, mashua za manowari za Kiingereza zilikuwa zikiwinda kati ya Pemba na Unguja, na chombo chenye bendera nyekundu kilipekuliwa. Ufaransa peke yake ilikataa katakata vyombo vyenye bendera yake kupekuliwa na Mwingereza. Manahodha wa Sur, kule Omani, waliokuwa wakishuka na kaskazi kila mwaka, wakafanya hesabu. Wakapata hati za Kifaransa kutoka makoloni kama Obock na Nossi-Bé, wakapandisha rangi tatu. Wapo waliokuwa wafanyabiashara wa halali wasiotaka usumbufu. Wapo waliokuwa na watu wamefungwa chini ya sitaha.

Tarehe 3 Desemba 1881, karibu na Pemba, kapteni Brownrigg, mkuu wa manowari London iliyokuwa imekaa kituo hapa Unguja, aliliendea jahazi lenye bendera ya Ufaransa ili atazame hati zake tu. Alikuwa na tahadhari khasa kwa sababu ya rangi zile: hakutaka kuleta ugomvi na Paris. Waliomo jahazini wakamshambulia yeye na mabaharia wake wachache, wakamuua. Jahazi lilikuwa limejaa watumwa. Kitambaa kile cha rangi tatu kilimfanya Brownrigg asogee mikono mitupu mahala ambapo angesogea na silaha tayari.

Ugomvi wa bendera za Sur ulifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na hukumu ikatolewa 8 Agosti 1905. Majaji walisema kila dola huru ina haki ya kuamua nani apeperushe bendera yake. Lakini Ufaransa ilikwisha kujifunga kwa mkataba wa Brussels wa 1890, kwa hiyo tangu Januari 1892 haikuwa na ruhusa ya kuwapa watu wapya wa Sultani wa Omani rangi zake, isipokuwa wachache waliokuwa chini ya himaya yake tangu zamani. Waliokwisha kupewa kabla ya hapo waliachiwa, na haki hiyo iishie kwao wenyewe. Manahodha wa Sur, watu wa tende na chumvi, wameacha jina katika vitabu vya sheria za kimataifa hadi leo.

Kati ya kifo cha Brownrigg na hukumu ya The Hague, bendera nyekundu ilipitia siku yake ngumu hapa hapa mjini. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Amri aliyopewa ilikuwa na sharti wazi: ateremshe bendera na atoke ifikapo saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakuiteremsha. Manowari zikaanza kupiga saa tatu na dakika mbili. Moto uliendelea kiasi cha dakika arubaini, na watu kama mia tano wa upande wa kasri walikufa au kujeruhiwa. Mizinga ilinyamaza bendera ilipokatwa na risasi ikaanguka. Mle ndani pengine watu walikwisha kushindwa dakika nyingi kabla, lakini mpiga mzinga aliye baharini hakuona kitu cha ndani. Aliona kitambaa. Kilipokuwapo alipiga, kilipoanguka aliacha. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji miaka kumi na zaidi mpaka mabaki yakaondolewa 1912.

Vita vya pili vya dunia vilileta tena kazi ya kufuta na kupaka upya. Japani ilikuwa na duara jekundu tupu, jua lake. Marekani ilikuwa na nyota nyeupe yenye tone jekundu katikati. Kwenye mapigano ya Bahari ya Pasifiki wapiga mizinga wa Kimarekani walikuwa wakiona wekundu tu na kufyatua, hivyo mwaka 1942 tone likafutwa kwenye nyota. Mwaka huohuo vita vilisogea karibu nasi. Wajapani waliposhambulia Colombo mwezi Aprili, manowari za Waingereza zilihamia Kilindini, na Mei Waingereza wakavamia Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, kuinyang'anya serikali ya Kifaransa ya Vichy. Baadaye Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikapelekwa kuendeleza kazi. Angani kulikuwa na kichekesho kichungu: Mfaransa na Mwingereza wote wawili walikuwa na buluu, nyeupe na nyekundu kwenye mabawa, tofauti ni ipi iko ndani na ipi iko nje. Vichy walikuwa wameongeza michirizi ya manjano na nyekundu kwenye ndege zao ili wasichanganywe. Ua moja la kofia lilizaa maduara mawili, na maduara yale yakaja kupigana jirani na Ngazija.

Sisi tulipata duara letu 10 Desemba 1963. Zanzibar ilipokuwa huru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah na waziri mkuu Muhammad Shamte, bendera nyekundu ilibaki, lakini katikati ikatiwa duara la kijani, na ndani ya duara karafuu mbili za manjano. Siku mbili baadaye Kenya ikawa huru, na ukanda wa pwani ukaingia Kenya kwa makubaliano yaliyotiwa saini Oktoba ya mwaka ule, ikaisha habari ya bendera ya Sultani juu ya Ngome ya Yesu.

Kama fundi nina la kusema juu ya karafuu zile. Karibu, mezani, ni mchoro wa kupendeza: kikonyo, kichwa, na vile vijino vinne vinavyoishika nundu ya juu. Hatua mia mbali ni madoa mawili. Na zina juu na chini, kwa hiyo duara lile lisingefaa bawani hata kama Zanzibar ingekuwa na ndege za kivita, nayo haikuwa nazo. Waliolichora hawakuwa na mpiga mzinga akilini. Walitaka mtu aone zao lililoijenga nchi. Lakini mkulima wa karafuu na mmiliki wa shamba la karafuu hawakuliona zao hilo kwa jicho moja. Kwa mmoja ilikuwa fahari, kwa mwingine ilikuwa ngazi, pakacha na ujira. Ng'ambo yetu hii, na Jang'ombe ikiwemo, ilijaa watu wa ngazi na pakacha na watoto wao.

Bendera ile ilikaa siku thelathini na tatu. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiondoa. Ya kwanza ya Jamhuri ya Watu haikukaa hata mwezi, ikafuatiwa na ile ya rangi za Afro-Shirazi: buluu, nyeusi na kijani. Tarehe 26 Aprili ukaja Muungano, na 30 Juni 1964 bendera ya Tanzania ikapitishwa: kijani, nyeusi na manjano za Tanganyika, na buluu ya Zanzibar, zikakutanishwa kwenye ule mshazari unaonisumbua mpaka leo. Katika miezi saba, mshonaji wa Unguja angeweza kupewa oda ya bendera tano mbalimbali za serikali, kila moja ikiifanya iliyotangulia kuwa hatari kukutwa nayo ndani.

Alama za wengine nazo zilituingiza matatani. Mapema 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani hao wakaja kwa kishindo. Nyumba za ghorofa za Kilimani, si mbali na kwetu, ni kazi yao. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari Dar es Salaam, Ujerumani Magharibi ilikuwa ikiisaidia Tanzania kuanzisha kikosi cha anga. Wajerumani wa Magharibi waliendelea na msalaba mweusi wenye kingo nyeupe. Wa Mashariki walipaka kwenye ndege zao umbo la almasi lenye rangi nyeusi, nyekundu na dhahabu, na ndani yake nyundo, bikari na masuke. Msimamo wa serikali ya Magharibi huko Bonn ulikuwa kwamba anayeitambua Ujerumani ile asitegemee msaada wa hii. Nchi moja iliyoungana ikawa na mkono mmoja kwenye msalaba na mwingine kwenye almasi. Februari 1965, Dar es Salaam iliporuhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, Bonn iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akajibu kwa kukataa msaada wao uliobaki. Kanada ikaja kujaza pengo, na ndege zake za Otter na Caribou. Baada yake Uchina, iliyoleta ndege za kivita. Ndege za jeshi letu zikaandikwa herufi JW, Jeshi la Wananchi, na bendera kwenye mkia.

Kanuni ya Hosking na Crean ilikuja kutuuma wenyewe. Idi Amin alipoingia Kagera mwishoni mwa 1978, katika siku za mwanzo za vita ndege tatu za Tanzania ziliangushwa karibu na Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania yenyewe. Kwa ndege za jeti duara na bendera vilikuwa vimekwisha kuzeeka. Ukifika umbali wa kusoma rangi, umechelewa. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, aina ya Tu-22, kutoka jeshi lililokuwa limepaka duara la kijani tupu, ililenga Mwanza ikapiga Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Swala wa Saanane hawakuwa na upande wowote.

Sasa nije kwenye bendera ninayoshona zaidi. Zanzibar ilipitisha sheria ya bendera yake 2004, na 9 Januari 2005, siku chache kabla ya sherehe za Mapinduzi, ikapandishwa rasmi wakati wa Rais Amani Abeid Karume. Buluu, nyeusi, kijani, zimelala. Na kwenye kona ya juu penye mlingoti, bendera ndogo ya Tanzania. Ile kona ndiyo inayokula muda. Mikanda mitatu ya chini naimaliza kabla chai haijapoa. Kona ni bendera nzima ya mshazari, imepunguzwa ikawa ya kiganja, na lazima ionekane sawa mbele na nyuma.

Watu huja dukani wakabishana juu ya bendera hiyo. Wapo wanaosema ni kidogo, wapo wanaosema imezidi. Mimi naipima kwa suali langu: nani ataitazama, kutoka wapi? Ulinzi na mambo ya nje ni ya Muungano tangu 1964. Hakuna manowari ya kivita inayopeperusha bendera hii bahari kuu, hakuna ndege inayoibeba bawani, hakuna ubalozi inapopepea peke yake. Hata meli inayosajiliwa Zanzibar hupandisha bendera ya Tanzania. Hilo lilidhihirika 2012, ilipogundulika kwamba meli 36 za mafuta za Iran, zilizokuwa zikikwepa vikwazo, zilikuwa zimesajiliwa kupitia Zanzibar kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai. Serikali ikazifuta. Lakini wazee wa bandarini walikitambua kisa mara moja: ni manahodha wa Sur wamerudi, safari hii kwa meli za chuma, wameazima kona yetu ya mshazari kama wenzao walivyoazima rangi tatu.

Mgeni wa mbali huiona bendera ya Zanzibar mahala pamoja tu, uwanjani. Machi 2017 shirikisho la soka la Afrika liliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili, na Julai likaifuta. Desemba ya mwaka ule Zanzibar Heroes wakaenda Kenya, wakafika fainali ya Kombe la Chalenji, wakashindwa kwa penalti. Huku Jang'ombe, mtaa wenye timu mbili zilizocheza Kombe la Mapinduzi mwaka huohuo, Taifa na Boys, vijana waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpira walikuja kununua kitambaa kimoja. Niliuza mpaka poplini ya buluu ikaniishia.

Kwa hivyo bendera nyingi zilizotangulia hapa zilishonwa kwa ajili ya mtu wa nje mwenye mizinga: nyekundu isomwe na manowari, rangi tatu zimzuie Mwingereza. Karafuu peke yake zilishonwa kwa ajili yetu, na aliyezichora hakutuuliza sote. Hii ya 2005 imegawa kazi wazi. Kona ndogo ndiyo inayosema na ulimwengu, na imeachiwa mshazari wa Muungano. Mikanda mitatu iliyobaki haina mpiga mzinga wa kumjulisha kitu. Inasemeshana na watu wa visiwa hivi tu, ndiyo maana tunaigombania sisi kwa sisi, na ndiyo maana ugomvi wake haujaua mtu kwa kukosewa rangi. Bendera ya namna hiyo ina haki ya kupimwa kwa jambo ambalo zile za vita hazikuweza kupimwa nalo: kama kila mtu wa hapa, wa mjini na wa shamba, wa ngazi na wa pakacha, anajiona ndani yake. Mshono mimi naudhamini. Hilo lingine liko mikononi mwa wanaoipandisha.